Chaja ya Orion-Tr Smart ya ampea 30, ndani ya Hiace ya kulala

Kwa wenye gari la kulala kama langu, Hiace yenye kitanda, friji na betri ya pili nyuma, chaja hii, inayojaza betri ya nyuma kwa umeme wa injini, naisifu bila kusita. Bei yake si mchezo, lakini kazi inaifanya.

Zamani betri zangu mbili ziliunganishwa kwa rilei tu, yaani swichi ya umeme inayojifunga na kujifungua yenyewe, na fundi aliyeifunga alivuta waya mwembamba toka mbele mpaka nyuma. Ukipima, betri ya injini inasoma volti 14.3, ya nyuma 13.4. Betri ya asidi haijai kwa volti hizo, hata uendeshe toka Malindi mpaka Garsen. Tukilala kando ya mto Galana, alfajiri friji imezima na samaki aina ya changu wameanza kunuka.

Orion haingoji volti zifike zenyewe. Inauchukua umeme wa alteneta, jenereta ya injini, hata volti zikiwa zimeshuka, inaupandisha mpaka kiwango betri inachotaka, kisha betri ikikaribia kujaa inapunguza mwendo. Ukizima injini nayo inajifunga, kwa hiyo asubuhi gari linawaka. Ampea 30 kwa saa mbili ni kama ampea-saa 60. Friji yangu haizimalizi kwa usiku mmoja. Aina ya betri unaichagua kwa simu, kupitia Bluetooth. Usiiruke hatua hiyo, maana lithiamu na asidi hazichajiwi sawa.

Sasa joto. Haina feni, na mtengenezaji mwenyewe anasema ikipita nyuzi 40 nguvu zinapungua asilimia 3 kwa kila nyuzi. Hiace iliyoegeshwa juani Malindi mwezi wa Machi, chini ya kiti nyuzi 40 unazipata kabla ya adhuhuri! Fundi wangu wa sasa, wa pale nyuma ya soko, alikataa katakata kuiweka huko. "Hii yataka upepo, kaka." Akaifunga wima ukutani karibu na mlango, akavuta waya wa milimita 16 za mraba na kutia fyuzi ya ampea 60 jirani kabisa na betri ya mbele. Kazi safi, na waya wote kaupitisha ndani ya bomba.

Umeme wa sola haipokei, kidhibiti cha sola utakinunua peke yake.

Ila mwenye Land Cruiser ya zamani, alteneta isiyobadilisha volti na betri ya asidi, asijisumbue. Rilei nzuri na waya mnene vyamtosha, hela inayobaki atie dizeli.