Seti tatu za sola, nyumba moja ya Uyole: ipi inatosha?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna seti tatu za sola, za aina ile mnayokutana nayo mkipita madukani Mwanjelwa au Iringa mjini. Swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nyumba yangu ina vyumba vitatu, niweke sola ya wati ngapi?" Vyumba havili umeme, ndugu zangu. Vinavyokula ni vifaa, na muda vinaowaka. Kwa hiyo kabla hatujafungua boksi, shika kalamu.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya pale Uyole, Mbeya. Taa 6 za wati 7, ziwake saa 5: hiyo ni wati-saa 210, yaani wati mara saa. Televisheni ya inchi 32 na king'amuzi chake, kama wati 60 kwa pamoja, saa 5: 300. Sabufa, maana najua hamuiachi, wati 40 kwa saa 3: 120. Simu 4, weka 60. Jumla 690. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwashe vifaa vya nyumbani, inakula chake, betri inakula, waya nazo zinakula, basi zidisha kwa 1.3. Tunapata kama wati-saa 900 kwa siku. Seti zote tatu tutazipima kwa hiyo 900.

Sasa jua. Kiangazi, kuanzia Juni, paneli iliyo Mbeya mjini au Mafinga inaweza kukupa sawa na saa 5 za jua kamili kwa siku. Usipige hesabu kwa hiyo. Piga kwa miezi ya mvua: saa 3 na nusu. Kama uko Tukuyu au Isongole, kwenye mawingu na ukungu, shuka hadi 3 au hata 2 na nusu. Watu hununua sola mwezi wa saba, mahindi yameuzwa, anga jeupe, seti inapiga kazi, fundi anasifiwa. Januari ikifika televisheni inazima kabla taarifa ya habari haijaisha, lawama zinaenda kwa betri. Betri haina kosa, haikushiba mchana. 900 gawanya kwa 3.5 ni 257, kwa hiyo hutakiwi kushuka chini ya paneli za wati 300.

Seti ya kwanza: paneli ya wati 100, betri ya jeli ya 100Ah (ampea-saa 100, yaani ujazo wa betri), inveta ambayo boksi lake limeandikwa 1000W kwa maandishi makubwa. Hii ndiyo inayouzika sana, na ndiyo inayonikera. Wati 100 mara 3.5 ni 350, ukitoa upotevu unabaki na kama 260. Inveta ya namna hii, hata usipochomeka kitu, inaweza kunywa wati 10. Iache imewashwa saa 24, hiyo ni 240. Yaani paneli inailisha inveta, inveta inajilisha yenyewe. Ile 1000W inakwambia mzigo wa juu inaoweza kubeba kwa wakati mmoja, haizalishi chochote. Ukishakuwa nayo, funga taa na chaja za simu moja kwa moja kwenye volti 12, inveta uiwashe wakati wa televisheni tu.

Seti ya pili: paneli moja ya wati 550, betri ya lithiamu ya volti 12, 100Ah, kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) ya MPPT ya ampea 40, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, na inveta ya wati 1000 ya wimbi safi, yaani umeme wake unafanana na wa TANESCO. 550 mara 3.5, toa robo, unabaki na zaidi ya 1,400 hata siku ya mvua ya kawaida. Betri ina kama wati-saa 1,280, ukitumia asilimia 80 unapata kama 1,000. Nyumba yetu ya 900 imeingia. Kwa betri ya jeli ungehitaji 200Ah, kwa sababu ile usiishushe chini ya nusu, na baridi ya huku inaipunguza nguvu zaidi.

Lakini kwenye seti hii geuza kontrola usome. Bei ikishuka ghafla, mara nyingi wameweka PWM, kontrola ya bei nafuu isiyogeuza volti. Paneli ya 550 inatoa kama ampea 13 kwa volti 42. PWM inaivuta volti ishuke ilingane na betri, huku ampea zikibaki zilezile 13. Ampea 13 mara volti kama 13 za betri ni kama wati 170. Umelipia 550.

Seti ya tatu: inveta haibridi (yenye kontrola ya paneli ndani yake) ya kilowati 3, paneli 4 za 550, lithiamu ya volti 24, 100Ah. Hii ni ya mwenye friji. Friji ndogo inakula kama 700 kwa siku, na ikistuka kuwaka inavuta mara kadhaa ya wati zake, ndiyo maana inveta iwe kubwa. Mchana hata pasi inapita. Inveta yenyewe inaweza kula wati 50 muda wote, yaani 1,200 kwa siku, zaidi ya ile nyumba yetu nzima. Na usije ukanunua paneli 2 kwanza kwa nia ya kuongeza baadaye bila kusoma kibandiko: haibridi nyingine hazianzi kuchaji chini ya volti 120, na paneli mbili zikiungwa kwa mfuatano zinatoa kama 84.

Jagi la umeme na maji ya kuoga? Najua baridi ya Makete. Shawa ya umeme inavuta wati 4,500 na kuendelea. Weka tangi la kupasha maji kwa jua, au gesi, usiitwishe betri.

Baridi ina jambo lingine ambalo mafundi wengi hulisahau. Paneli ikipoa, volti yake inapanda, karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25, maana volti za kibandiko ni za nyuzi 25. Paneli ya 550 ina volti kama 50 ikiwa haina mzigo. Soma palipoandikwa Voc. Mbili kwa mfuatano ni 100. Asubuhi ya Juni, nyuzi 5, zinafika kama 106. Kontrola yenye kikomo cha volti 100 inaweza kuungua, na dhamana haihusiki. Tatu kwenye kontrola ya 150 ni hadithi ileile.

Kukagua dukani: paneli nzuri za sasa hutoa wati 200 hadi 225 kwa mita ya mraba. Yenye mita 1.2 kwa sentimita 54 haiwezi kuwa 300, hata kibandiko kiseme nini. Betri ya jeli ya 100Ah huwa na kilo 28 hivi; ikiwa na 18, irudishe rafuni. Pesa ikibaki, ongeza paneli kabla ya betri.

Juu ya bati, breketi zishike kwenye papi, si kwenye bati peke yake, na kila skrubu iwe na mpira. Elekeza kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 unatosha. Betri ya lithiamu ikae ndani ya nyumba, kwa sababu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0. Kutoka betri hadi inveta ya wati 1000 kwa volti 12 zinapita ampea zaidi ya 90: waya wa milimita 25 za mraba, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi karibu kabisa na betri. Breka ya kawaida ya ukutani usiifunge hapo. Imetengenezwa kwa umeme wa TANESCO. Kwenye umeme wa betri inaweza kushindwa kukata cheche.