Uzoefu wangu na redibadi ya majani ya zambarau, 'Forest Pansy'

Wanaoniuliza kama 'Forest Pansy', aina ya redibadi (redbud, mti mdogo wa maua) yenye majani ya zambarau, inastahili bei yake nawajibu hivi: inastahili, ila ujue unalipia uzuri wa majira ya kuchipua. Naishi Louisville, Kentucky, ambako redibadi ni mti wa kienyeji. Ikifika Aprili, kingo za misitu hujaa rangi ya waridi. Ile ya porini ina majani ya kijani. Hii ya zambarau iligunduliwa mwaka 1947 kwenye kitalu kimoja cha McMinnville, Tennessee, na miche yake hubebeshwa, yaani huunganishwa, juu ya shina la redibadi ya kawaida. Ukiona chipukizi la kijani chini ya kiungo hicho, ni la redibadi ya kawaida; likate upesi.

Maua hutangulia majani. Hutoka kwenye matawi matupu, na mti ukikomaa hutoka hata kwenye gome la shina, kama mafenesi. Ndipo yanakuja majani yenye umbo la moyo, rangi ya damu ya mzee, na jua la asubuhi likipenya yanawaka wekundu mtupu. Wiki hizo majirani husimama barabarani kuutazama, nami sioni mti mwingine wa bustani unaoufikia.

Joto la Julai likishika, mambo hubadilika. Majani yaliyokomaa hugeuka kijani chenye wekundu kwa mbali, na zambarau hubaki kwenye machipukizi ya nchani tu. Anayetaka rangi moja hadi Oktoba atasikitika.

Nunua mche mdogo, kwa sababu redibadi haipendi kuhamishwa ikishakua. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, kwa hiyo nimeupanda juu kidogo ya usawa wa ardhi. Maji yakituama mizizi huoza. Weka matandazo, lakini yasiguse shina. Chunga pia ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni: tawi zima hunyauka ghafla, na dawa ya kuuponya mti hakuna.

Kama uwanja wako unachomwa na jua la mchana, tafuta 'Merlot', redibadi nyingine ya zambarau iliyotokana na 'Forest Pansy' na redibadi iitwayo 'Texas White' katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Ni fupi zaidi, majani yake ni mazito, na rangi huvumilia joto vizuri zaidi. Wangu hupata kivuli cha nyumba kuanzia saa nane, kwa hiyo siubadilishi.