Presha kuka ya lita 7: miezi minane nayo hapa Uyole

Msemo wa "maharage ya Mbeya, maji mara moja" nadhani aliutunga mtu wa Dar es Salaam. Huku kwenyewe Mbeya, jikoni kwangu Uyole, maharage hayo hayo yalikuwa yanaongezwa maji mara tatu, mara nne, na gesi inateketea. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Miaka yote amekuwa akiamini kwamba akina mama wa sokoni wakisikia lafudhi yake wanampimia maharage ya msimu wa juzi. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na naona aibu kusema kwamba sikuwahi kumsaidia kwenye kesi hiyo mpaka nilipoleta hii presha kuka.

Niliinunua Mwanjelwa kwenye duka moja la vyombo. Walianza 90,000, tukavutana hadi 75,000. Ni ya alumini, ya kuweka juu ya jiko la gesi, si ile ya umeme. Kijana wa dukani alinionya: "Mwalimu, hii pikia makongoro tu. Maharage yatakuwa uji."

Kabla sijaitumia nilileta kipimajoto cha maabara, nikachemsha maji kwenye sufuria ya kawaida. Kikapanda mpaka 94, kikagoma hapo. Mke wangu akafungua gesi hadi mwisho. Maji yakarukaruka mpaka yakamwagikia jiko, kipimajoto hakikusogea hata kidogo.

"Kibovu hicho."

Kizima. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu za kutosha kuisukuma hewa iliyoyalalia. Tanga hewa hiyo ni nzito, kilopaskali 101, na maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 100. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa imepungua hadi kama kilopaskali 82, kwa hiyo maji yanachemka mapema, yangali na nyuzi 94. Ukishafika hapo, moto wote unaoongeza unaishia kutengeneza mvuke. Maharage yenyewe hayajui kama jiko ni kali au pole, yanajua nyuzi 94 tu. Wauzaji wa sokoni wakaachiwa huru siku hiyo, ingawa mke wangu bado ana shaka na mmoja.

Sasa chombo chenyewe. Kitu kilichonivutia kuliko vyote ni kile kichuma kidogo cha juu kinachopiga kelele, sisi nyumbani tunakiita filimbi. Nilikipeleka shuleni nikakipima: gramu 80. Tundu kinalolifunika lina upana wa milimita 3 na nusu. Piga hesabu, uzito huo gawanya kwa eneo la tundu, unapata kilopaskali 80 na kidogo. Basi hiyo ndiyo siri yote ya chungu hiki. Mvuke ukizidi hapo unakiinua kichuma, unatoka, kinarudi. Mfaransa Denis Papin alibuni chungu cha namna hii mwaka 1679, na vali ya usalama nayo ni yake. Jumlisha kilopaskali 82 za hewa yetu na 80 za filimbi, maji ndani yanafika kama nyuzi 114. Chungu hicho hicho kikipelekwa Tanga kingefika 117, maana yake hata humu ndani mlima bado unatudai.

Wanafunzi wangu kidato cha pili niliwapa swali: mfuniko una kipenyo cha sentimita 22, mvuke unausukuma juu kwa kani kiasi gani? Jibu ni kama nyutoni 3,000, sawa na magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia yakijaribu kuung'oa. Ndiyo maana siruhusu mtu aulazimishe kufunguka. Zima gesi, subiri dakika kumi na tano, inua filimbi kwa mwiko. Ikitoa hata "tsss" moja, rudi ukae.

Matokeo: maharage ya njano yasiyolowekwa, zamani saa mbili na nusu, sasa dakika 40 kuanzia filimbi inapoanza. Yakilowekwa usiku kucha, 15. Kande, dakika 50, na mahindi yanapasuka vizuri. Mtungi wa kilo 6 uliokuwa unaisha wiki ya tatu sasa unaingia ya tano. Mara filimbi ikilia punguza moto mpaka iwe inanong'ona tu. Kuacha jiko likiwaka kwa nguvu hakuongezi joto ndani, unapuliza gesi yako hewani.

Viazi mviringo usijaribu, ukigeuka tu vimekuwa rojo. Wali, sioni faida. Na maharage yasizidi nusu ya chungu, kwa sababu yanatoa povu na maganda yake yanaziba tundu. Siku ya wageni nilijaza hadi robo tatu, tundu likaziba, vali ya akiba ikafumuka, na mchuzi ukapaka dari. Alama ipo mpaka leo.

Lawama yangu kubwa ni mpira wa mfuniko. Mwezi wa tano ulikakamaa, mvuke ukawa unavuja pembeni, filimbi kimya kabisa. Nilirudi dukani, yule kijana akanijibu mpira hauuzwi peke yake, ninunue chungu kingine. Kwa 75,000? Nilizunguka Mwanjelwa yote, nikaingia Kabwe, nikaupata kwa fundi wa majiko, 4,000. Kabla hujalipia chungu cha aina yoyote, uliza mpira wake wa akiba uko wapi. Kama hawana, ondoka.

Nyota nne. Ile ya tano imezuiliwa na mpira. Mimi nilinunua miwili, mmoja umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na mke wangu ameshawatangazia watoto kwamba si manati.