Kaptula ya Baiskeli: Igeuze Ndani Nje Kabla Hujalipa

Mwezi wa saba nilinunua kaptula ya baiskeli yenye sponji ya kukalia kwa muuzaji wa mtandaoni, shilingi 1,800 pamoja na nauli ya basi kutoka Mombasa. Kwenye picha ilikuwa imemkaa dada mmoja mwembamba kana kwamba amemwagiwa. Jumamosi alfajiri nikaivaa, tukatoka Malindi watu watatu kwenda Mambrui.

Kwenda ilikuwa raha mustarehe. Upepo wa kusi unakusukuma mgongoni, unavuka daraja la Sabaki kama umebebwa. Kurudi ndiko kulikonitoa machozi. Upepo sasa uko usoni, mchanga unaruka, jasho limejaa mpaka kwenye soksi, na kabla hatujalifikia daraja nikahisi kitu kinaning'ata ndani ya paja. Nikadhani ni sisimizi. Nikasimama, nikajikung'uta, nikaendelea. Baada ya daraja nikawa naendesha nimesimama juu ya pedali. Tulipoingia mjini nilikuwa nimeshuka, nakokota baiskeli, natembea kama kijana aliyetoka jandoni juzi. Bibi mmoja anayeuza mahamri akaniambia, "Pole mwanangu, umeanguka?" Nikamjibu ndiyo, maana ukweli haukuwa wa kusema barabarani.

Nyumbani nikaivua, nikaigeuza ndani nje. Sponji yenyewe haikuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa ukingoni mwake: kipande cha sponji kimekatwa wima kama godoro, kikapigwa ovaloki, ule mshono wa kuzungushia ukingo, kwa uzi wa nailoni, halafu kikashonewa kwenye kaptula kwa mshono mwingine juu ya ule wa kwanza. Nilipopitisha kidole nilipata tuta, na tuta hilo linapita palepale paja linapokutana na pua ya kiti. Fanya hesabu. Ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika, kwa saa moja kila paja limesuguliwa hapo mara 4,200. Sisi tulikuwa barabarani zaidi ya saa mbili, na ngozi yenyewe ilishalowa jasho la chumvi.

Kwa hiyo leo sitazungumzia rangi, wala saizi, wala urefu wa mguu. Hayo mnayajua. Nataka tuongee habari ya mshono, kwa sababu kila mtu akiingia dukani anabonyeza sponji kwa kidole gumba, anasema "hii nene, hii nzuri", analipa. Unene hauzuii kusuguliwa. Zamani kaptula za waendesha baiskeli wa Ulaya zilikuwa za sufu, na ndani zilishonewa kipande cha ngozi laini ya mnyama wa milimani aitwaye chamois. Sponji inaitwa kwa jina hilo mpaka leo ingawa ngozi imeondoka zamani. Ngozi ile haikuwa godoro. Iliwekwa ili mwili usikutane na mishono. Leo wametuwekea godoro na mishono wameiacha nje!

Kipimo changu ni hiki. Igeuze ndani nje. Chukua ukingo wa sponji, usugue kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, pale chini kidogo ya kiwiko, mara 30 bila huruma. Pakiwa pekundu, rudisha. Kaptula nzuri sponji yake inakonda pole pole mpaka ukingoni inakuwa nyembamba kama kitambaa chenyewe, na vipande vimekutanishwa ukingo kwa ukingo vikashonwa bapa, hakuna kukunjwa. Muuzaji atakuangalia vibaya ukisugua. Mwache aangalie.

Sasa, nguo za baiskeli zisizosugua mimi nazipata sehemu tatu. Namba moja, na sifichi: mimi ni mtu wa Decathlon, na hawanilipi hata thumni. Ni kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1976 karibu na mji wa Lille, na inauza nguo za chapa zake yenyewe kama Van Rysel. Nina kaptula zao mbili, moja imekwenda mwaka wa tatu. Ukingo wa sponji huusikii hata ukiutafuta kwa macho yaliyofumbwa. Lastiki ya paja moja imeanza kulegea, nakubali, na mfuko hawakuweka, sijui walidhani ufunguo wa nyumba nitauweka wapi. Lakini nimefika Gede na kurudi, zaidi ya kilomita 30, na jioni nikakaa sakafuni kula wali kama watu wengine. Huku Malindi huzipati dukani. Mtu akienda Nairobi namwagizia, na namsisitiza achukue ya kike. Mifupa yetu ya kukalia kwa kawaida imeachana zaidi kuliko ya wanaume, kwa hiyo sponji ya kike ni pana kwa nyuma. Na asiniletee ile yenye mikanda ya mabegani. Wanaume wanaisifu sana, ila wao hawajawahi kuvua blauzi yote ndani ya choo cha kibanda njiani ili tu wajisaidie.

Namba mbili ni mitumba. Usicheke. Katika marobota yanayotoka Ulaya hutokea kaptula za waendesha baiskeli wa kweli, na muuzaji hajui ni nini, anakuuzia kama taiti ya mazoezi. Mimi nimepata moja kwa 350. Kipimo cha mkono ni kilekile, ila ongeza viwili. Vuta lastiki karibu na sikio: ikilia kama karatasi, imekufa. Kisha bonyeza sponji, uiachie. Ikirudi mara moja, iko hai. Ikibaki na shimo kama boflo la juzi, achana nayo. Ukifika nayo nyumbani, iloweke vizuri na uifue mara mbili. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Namba tatu ni fundi wako wa cherehani, na hapa nitakaa kidogo. Kaptula ya sponji usimpe, hana mashine ya kushona bapa. Mpe suruali ya kuvaa juu yake. Sisi wa huku hatuwezi kupita mbele ya msikiti Ijumaa mchana na kaptula iliyobana, na hata pasingekuwa na msikiti mimi mwenyewe nisingependa. Wengine huvaa dera. Mimi pia nilivaa, mpaka siku cheni ilipolila dera langu jipya la maua karibu na stendi, ikabidi vijana wa bodaboda wainue gurudumu la nyuma na mmoja azungushe pedali kinyumenyume, huku mimi nimeshika pindo na aibu zangu. Suruali pana ya kitambaa chepesi, yenye lastiki kifundoni, inatosha kabisa.

Tatizo ni kwamba suruali ya kawaida ina mishono minne inayokutana mahali pamoja, pale katikati ya miguu, na hapo ndipo unapokaa. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, fundo lake ni gumu kama kokwa ya embe. Dawa yake iko kwenye kanzu. Kanzu ina kikwapa, kile kipande cha pembe nne kinachowekwa ili mkono uinuke bila nguo kuvutika. Nikamwambia fundi wangu aniwekee kikwapa katikati ya miguu, ili mishono isambae pembeni na kiti kikutane na kitambaa kitupu. Akavua miwani.

"Dada, kikwapa huwekwa kwapani."

"Fundi, wewe weka huko chini, mimi najua ninakokwenda nacho."

Aliweka. Alinitoza 600, kitambaa nilimpelekea mimi. Sasa kuna wanawake watatu mtaani wamemwendea kwa suruali ileile, na bei imeshafika 900.

Zile mpya za mia tano zisizo na jina, zinazoning'inia nje ya maduka, zipite tu. Na mfuko wa jeli wa kuvalisha kiti nao uache, unacheza chini yako kama samaki.

Halafu chupi. Kaptula ya sponji haivaliwi na chupi. Najua, mimi pia nilishtuka. Lakini ukivaa chupi umerudisha mishono yote uliyolipa pesa kuikimbia. Paka mafuta ya nazi kidogo pajani, vaa, nenda. Ukirudi ivue mara moja, ifue kwa mkono na sabuni ya kawaida, uianike kivulini huku ndani yake iko nje. Jua letu na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ndivyo vinavyoua lastiki haraka.

Mengine ni mepesi. Glavu ninazo kwa sababu bila glavu vidole viwili vya mwisho hufa ganzi, mshipa wa fahamu unabanwa kiganjani. Na hapo pia tazama mshono kati ya gumba na kidole cha shahada. Tunaojifunika, tuvae kofia nyembamba ya ndani isiyo na mshono kwenye paji la uso, na pini zote zitoke kabla ya helmeti kuvaliwa. Ndani ya helmeti tafuta alama ya EN 1078, ndicho kipimo cha Ulaya cha helmeti za baiskeli. Fulana ya pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, ya poliesta inakauka njiani. Miwani hata ya bei ya chini, ilimradi mchanga usiingie.

Sasa wauzaji. Kwanza, hii tabia ya "bei inbox" ni ya nini? Andika bei, ndugu yangu, si siri ya ndoa. Pili, nimeona kaptula sokoni kwa 400, na wiki hiyohiyo nikaiona dadaye, chapa ileile, kwenye duka la Barabara ya Lamu kwa 2,500. Nilipoingia kijana alinisalimia "Ciao bella" kabla hajanitazama usoni. Aliponitazama akasema "Karibu dada", lakini bei ilibaki ya Kiitaliano. Malindi yote inauziwa kama sote tumeshuka kwenye ndege kutoka Milano. Tatu, yule wangu wa 1,800. Nilimtumia picha ya ule mshono, na kwa adabu nikaficha ya paja. Akanijibu baada ya siku nne kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi, na kwamba labda mimi ndiye sijazoea kuendesha.

Sponji nimeichomoa, mama anaipigia magoti akipalilia mchicha. Na jana nimeona yule muuzaji ameiweka tena ile picha ya yule dada mwembamba. Kaandika "mzigo mpya umeingia". Sasa ni 2,100.