Ziara ya miguu Cartagena, Kolombia: uzoefu wangu

Jamani nimerudi kutoka Cartagena na lazima niongee kuhusu ile ziara ya miguu ya masaa matatu, manake nilisita sana kuilipia na sasa nashukuru nililipa. Mi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa hivyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kuugusa ule ukuta unaozunguka mji mkongwe. Matumbawe! Yani unaona kabisa vile vishimo na mistari ya matumbawe, sawasawa na ukuta wa nyumba ya nyanya yangu. Nikamwambia kijana anayetutembeza, akafurahi, akasimamisha kundi zima akaanza kueleza: mji ulianzishwa na Pedro de Heredia 1533, merikebu zilizobeba fedha ya Peru zikawa zinapitia hapa, utajiri ukaita maharamia, 1586 Mwingereza Francis Drake akauteka na hakutoka mpaka alipolipwa kama ducat 107,000 (pesa za Uhispania za wakati ule), na mwaka huo huo akafika injinia Mtaliano, Battista Antonelli, katumwa na mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania kupanga ngome. Nikashtuka. Fort Jesus yetu, 1593, ilichorwa na Mtaliano pia, Cairati, na mfalme ni huyo huyo, kwa sababu wakati ule alikuwa anatawala Ureno vilevile! Miaka yote napita pale Fort Jesus sikuwahi kuyaunganisha haya.

Getsemaní pia imenikaa moyoni, mtaa wa mafundi na watu weusi huru, ndio waliosukuma mpaka uhuru kutoka Uhispania ukatangazwa tarehe 11 Novemba 1811.

Lalamiko langu ni ule uwanja wa Plaza de los Coches. Pale ndipo Waafrika waliuzwa, na sisi tukapewa dakika tano za kupiga picha. Iliniuma. Ikabidi niulize mwenyewe kuhusu Benkos Biohó, aliyetoroka utumwani akaongoza wenzake msituni, na mpaka leo kule San Basilio de Palenque, kijiji cha vizazi vya watoro hao, watu wana lugha yao yenye maneno ya Kikongo ndani. Hapo pembeni kina mama wanauza cocada, nikanunua moja, kuitafuna tu, kashata ya nazi hiyo! Nilisimama nayo mkononi nashindwa kuondoka.

Nikirudi nalipa tena, ila nitaomba tuanzie hapo uwanjani, asubuhi kabla ya jua kali, na tukae.