Rangi kwenye SWT: uzoefu wangu tangu 2017

Mwaka 2017 nilimtengenezea mama mmoja mwenye duka la dawa pale Morogoro programu ndogo ya kufuatilia dawa zinazokaribia kuisha muda wake. Niliiandika kwa Java, na madirisha yake nikayajenga kwa SWT, zana zilizozaliwa IBM na kutoka pamoja na Eclipse, programu ya kuandikia kodi, mwaka 2001. Nilizichagua kwa sababu moja tu: SWT haijichorei vitufe vyake, inaviomba kwa mfumo endeshi wenyewe. Ukiwa kwenye Windows, kitufe ni cha Windows kweli. Ukiwa Linux, ni cha GTK, zana za madirisha za huko. Mama yule alikuwa bado anajifunza kompyuta, nikataka kila anachokiona kifanane na anachokiona kwingine kwenye mashine ileile.

Moyo wa programu ulikuwa jedwali la mistari 40. Dawa iliyokwisha muda, mstari mwekundu. Iliyobakiza chini ya siku 90, njano. Nyingine zote, rangi ya kawaida. Kando ya kila jina niliweka kijisanduku cha rangi cha pikseli 12 kwa 12, ili hata aliyesimama upande wa pili wa kaunta aone. Jedwali lilijisoma upya kila dakika.

Wiki haikuisha akanipigia simu. "Mwanangu, programu yako inafika saa sita mchana inakufa. Nikiifungua tena inakwenda mpaka saa kumi, halafu inakufa tena." Yeye alihisi ni joto, maana mashine ilikaa karibu na dirisha la magharibi. Nilipanda daladala nikaenda kukaa naye dukani. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia nini, nikaongeza safu ya GDI objects, yaani vitu vya kuchorea ambavyo Windows huipa programu, nikatulia kuitazama. Kila dakika namba ilipanda kwa 40. Haikushuka hata mara moja.

Hapo hesabu ilijitokeza yenyewe. Windows, kwa kawaida yake, inaruhusu programu moja kushika vitu 10,000 vya aina hiyo. Vijisanduku 40 kila dakika ni 2,400 kwa saa, 9,600 kwa saa nne. Jumlisha mamia machache ambayo dirisha lolote linayahitaji ili liwepo tu, umegonga dari. Duka lilifunguliwa saa mbili asubuhi. Saa sita mchana SWT ilitupa ujumbe wake, "No more handles", yaani vishikio vya mfumo vimekwisha, ikazimika. Kila jedwali liliposomwa upya nilikuwa nachora picha mpya kwa kila mstari bila kuzirudisha za zamani.

Naeleza haya yote kwa sababu siku ile nilitoka dukani nimeamini jambo ambalo si sahihi. Niliamini rangi ndizo zilizojaza mashine. Kwenye kodi ya programu nilikuwa na `new Color(display, 183, 28, 28)`, amri ya kuumba rangi nyekundu, ndani ya kipande kinachorudiwa kwa kila mstari, na mafunzo yote ya SWT yalikuwa yamenionya: ulichokiumba mwenyewe, kitupe mwenyewe. Rangi, fonti, picha, kishale, vyote ni mali ya mfumo endeshi, na mfagiaji kumbukumbu wa Java, anayesafisha visivyotumika tena, havigusi. Ukimaliza navyo, unaita `dispose()`. Ilinichukua muda kugundua kwamba kwenye Windows ya skrini za leo rangi ya SWT ni namba tu, nyekundu, kijani na bluu zilizobanwa pamoja. Haishiki chochote cha mfumo. Kilichotuua saa sita mchana ni zile picha.

Basi kwa nini rangi ilihesabiwa kuwa mali ya kurudishwa? Jibu liko kwenye skrini za miaka ya 1990. Skrini ya biti 8 ilionyesha rangi 256 kwa wakati mmoja, na hizo 256 ziligawanywa kwa programu zote zilizo wazi. Ukitaka nyekundu yako, ulimwomba mfumo nafasi kwenye jedwali la rangi. Usipoirudisha, mwenzako anakosa, au anapewa rangi inayokaribiana tu. SWT ilipotoka 2001 ilipaswa kufanya kazi hata kwenye mashine hizo, na kwenye Motif, zana za madirisha za Unix, pia, ambako rangi iliombwa kwa seva ya X, programu inayosimamia skrini. Kwa hiyo walioiunda waliweka sheria moja kwa wote. Naiheshimu hesabu hiyo. Mtu anayeandika programu moja ya kutumika kwenye mifumo mitatu hawezi kuweka sheria tatu.

Ila sheria hiyo iliniumiza kwa upande mwingine, na hapa ndipo penye uzito. Baada ya Morogoro niliogopa kuvuja, yaani kuumba bila kurudisha, hadi nikaanza kutupa kila kitu. Nilikuwa na dirisha dogo la kuhariri dawa, linalotumia nyekundu ileile ya jedwali kuu. Nikaliandikia kwamba likifungwa, litupe rangi zake. Mama akahariri dawa, akafunga dirisha, jedwali likabaki zuri tu. Baada ya sekunde kadhaa, jedwali liliposomwa upya, kosa likaruka: "Argument not valid". Nyekundu ilikuwa ya watu wawili, mmoja ameichoma moto, wa pili anainyooshea mkono. Kosa halikutokea pale nilipokosea. Lilitokea hadi dakika moja baadaye, kwenye dirisha lingine, kwenye mstari wa kodi usio na hatia. Hilo lilinila siku mbili nzima. Kuvuja kunaonekana kwenye Task Manager, namba inapanda mbele ya macho yako. Kutupa mali ya wote hakuonekani mpaka mteja akupigie.

Kilichonitoa huko ni JFace, tabaka linalokaa juu ya SWT. Lina `ColorRegistry`, daftari ambamo unaiandika rangi kwa jina mara moja, programu inapoanza: `put("dawa.imekwisha", new RGB(183, 28, 28))`. Kuanzia hapo kila anayeihitaji anaiomba kwa jina, na hakuna anayeruhusiwa kuitupa. Daftari ndilo mwenye mali. Nilifuta mistari yote ya `new Color` iliyotawanyika, nikabaki na majina sita sehemu moja. Siku mama aliposema njano ile inamwumiza macho, nilibadilisha mstari mmoja, dirisha zima likafuata.

Kwa vijisanduku nilitumia `LocalResourceManager`, ambayo unaifunga kwenye dirisha tangu unapoiumba. Dirisha likifa, kila kilichoombwa kupitia kwake kinarudishwa. Nayo inahesabu wanaotumia, kwa hiyo mistari 20 ikiomba picha ya maelezo yaleyale, inaumbwa moja. Namba ya Task Manager ikatulia. Niliiacha programu wazi usiku kucha nyumbani, asubuhi nikaikuta palepale.

Daftari hilo lina udhaifu mmoja ambao kwenye duka la dawa si mdogo. Ukikosea herufi kwenye jina, halikuambii. Linarudisha `null`, yaani hakuna kitu, na SWT ikipewa `null` kama rangi ya mstari inaurudisha kwenye rangi yake ya kawaida, bila kelele. Niliwahi kuandika "dawa.imekwiha" sehemu moja. Dawa iliyokwisha muda ikakaa kwenye jedwali nyeupe pe, kama nzima. Nililiona mwenyewe wakati wa kujaribu, kabla haijafika dukani, lakini nilitoka jasho. Tangu siku hiyo majina yote ni vigezo vya kudumu kwenye klasi moja, siandiki herufi kwa mkono kokote. Na kwenye safu ya pembeni niliongeza neno lenyewe, IMEKWISHA, kwa herufi kubwa. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na zipo skrini za zamani zilizofifia; rangi peke yake haitoshi kulinda mgonjwa.

Mwaka 2020 SWT ilibadilika. Rangi haihitaji kutupwa tena. Unaandika `new Color(183, 28, 28)`, bila kutaja display, ukimaliza unaiacha, mfagiaji wa Java anaichukua kama namba nyingine yoyote. Kodi ya zamani inayoita `dispose()` haivunjiki. Sisi hatukuipata mapema, kwa sababu mashine ya mama ilikuwa Windows ya biti 32 na matoleo ya SWT ya biti 32 yalisimamishwa mwishoni mwa 2018. Tulikaa na toleo la zamani hadi aliponunua mashine nyingine mwaka 2021. Siku ya kuhama nilipita kodi yote nikiondoa kila `dispose()` ya rangi, na niliona raha kuiondoa kila moja. Nakushauri nawe uziondoe, usiziache kwa kuwa si kosa: rangi ukiitupa, hata leo, kitu kile hakitumiki tena, kwa hiyo ile ajali ya nyekundu ya watu wawili bado inaweza kukupata.

Tahadhari nyingine: msamaha huo ni wa rangi tu. Fonti, picha, kishale, na vifaa vya kuchorea kama `GC`, `Region`, `Path`, `Transform`, vyote bado ni vyako kuvirudisha. Nimeona vijana wakisoma kwamba "SWT sasa haihitaji dispose" wakaacha kutupa hata picha. Watakutana na saa sita mchana yao.

Rangi za mfumo ni habari ya peke yake, na ndipo ningependa wengi wangeanzia. `display.getSystemColor(SWT.COLOR_LIST_BACKGROUND)` inakupa rangi ambayo mtumiaji mwenyewe amechagua kwa majedwali yake. Hiyo si yako, hukuiumba, usiitupe. Mpwa wa yule mama, anayesoma chuo, aliiweka programu kwenye kompyuta yake ya Linux iliyopakwa giza. Mimi nilikuwa nimelazimisha mistari ya kawaida iwe nyeupe, 255, 255, 255. Maandishi nilikuwa sijayagusa, yakaja ya mfumo wake, yaani meupe. Jedwali la dawa 40, na zilizosomeka ni zile nyekundu tu. Nilirekebisha kwa kuacha kabisa kupaka mistari ya kawaida, na pale ninapopaka usuli, napaka na maandishi yake palepale. Ukishika kimoja, shika vyote viwili.

Kama unachagua zana leo, maoni yangu ni haya. Swing, zana za madirisha za Java yenyewe, haijawahi kukudai rangi, `java.awt.Color` unaiumba na kuisahau, tangu zamani. Kama kazi yako ni kuchora rangi nyingi zinazobadilikabadilika, grafu na ramani, hilo ni jambo la kupima. Lakini kwa madirisha ya kazi, fomu na majedwali ya watu wa dukani, mimi bado nipo SWT, na baada ya 2020 sina tena sababu ya kumtisha mtu kuhusu rangi zake. Usijifunze kwa mifano ya zamani tu, mingi bado inakufundisha `new Color(display,...)` na kutupa mwishoni, na ukiifuata utaandika kodi ndefu kwa sheria isiyokuwepo.

Na ukishuku kuvuja, usikisie kama nilivyokisia mimi. SWT inayo `DeviceData`, mipangilio yenye swichi ya ufuatiliaji, `tracking`. Ukiiwasha kabla ya kuumba `Display`, kiungo cha SWT na skrini, inaandika kila mali iliyoumbwa na mahali ilipoumbiwa. Kuna kifaa kinaitwa Sleak kinachokuonyesha orodha hiyo: unabonyeza kabla, unafanya jambo, unabonyeza baada, unaona kilichobaki. Ningekijua mwaka 2017, ningeona picha 40 na mstari wa kodi uliozizaa kabla ya chai ya saa nne.

Duka bado linaitumia. Mwezi uliopita mama ameomba rangi ya saba, ya dawa zinazotakiwa kukaa kwenye jokofu. Tumekubaliana bluu ya maji, na neno BARIDI pembeni yake.