Great Ocean Road kwa gari la kukodi: watu wanne, kamera mbili, siku moja

Mwaka jana nilikwenda kwa basi la watalii kuwaona Mitume Kumi na Wawili, zile nguzo za mawe zilizosimama baharini kando ya Great Ocean Road, barabara ya pwani ya kusini mwa Australia. Tuliondoka Melbourne kumekucha, tukafika saa saba na nusu mchana jua likiwa utosini, tukapewa dakika 40. Picha zote nilizorudi nazo zilikuwa za majabali yaliyopauka juu ya bahari iliyopauka, na karibu kila moja ina bega la mtu nisiyemjua. Januari hii nimerudi palepale na wenzangu watatu kwa gari la kukodi, bila mtu wa kutuhimiza. Ni jambo jingine kabisa. Naandika kwa sababu najua Waswahili wengi wa hapa Melbourne wakipata mgeni kutoka nyumbani humlipia lile basi, wakidhani ndiyo njia pekee.

Tuanze na hesabu. Gari dogo lilikuwa dola 118 kwa siku, bima ya ziada dola 29, petroli ikala dola 74. Jumla dola 221. Tukagawana watu wanne, kila mmoja akatoa dola 55 na senti kidogo. Basi lilinigharimu dola 135 peke yangu. Lakini kuna jambo hawakutuambia mpaka tulipofika kaunta: walizuia dola 500 nyingine kwenye kadi yangu kama dhamana, na zilichukua siku sita kurudi. Kama wiki hiyo una kodi ya nyumba ya kulipa, uliza mapema kabla hujachanja kadi.

Dereva wetu alikuwa dada mmoja wa Mombasa mwenye leseni ya hapa jimbo la Victoria. Huku wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo hakupata shida. Ndugu yetu wa Bujumbura, aliyezoea magari kupita kulia, ndiye aliyekaa mbele akishika simu ya ramani. Nyuma tulikuwa mimi na shemeji yangu, aliyekuja kutembea kutoka Dar.

Uamuzi mkubwa tulioufanya ni wa saa ya kuondoka. Mabasi hutoka alfajiri na kufika kwenye majabali mchana kweupe. Sisi tulitoka saa nne asubuhi. Januari ni kiangazi huku, na kule Port Campbell, mji mdogo ulio karibu na Mitume, jua linazama inakaribia saa tatu usiku. Shemeji hakuamini. Kwetu saa hiyo watu wameshakula, wanatafuta mito. Ukishajua hilo huna sababu ya kuamka gizani: siku ni ndefu, na mwanga unaoutaka uko mwisho wake.

Jambo la pili ni upande wa kuendea. Barabara ina urefu wa kilomita 243, kutoka Torquay hadi karibu na Warrnambool. Ukianzia Torquay kuelekea magharibi, bahari iko kushoto kwako, na wewe unaendesha kushoto. Kila kituo cha kutazamia kiko upande wako, unaingia tu na kutoka bila kukata njia ya magari yanayokuja. Wanaokwenda kinyume wanapata tabu kwenye kona. Tuliwaona.

Sehemu ya kwanza tulipita harakaharaka. Aireys Inlet kuna mnara wa taa wa mwaka 1891, mweupe wenye kofia nyekundu, unapendeza lakini mchana ule mwanga ulikuwa mkali mno. Tuliposimama kwa kutulia ni Eastern View, penye lango la mbao linalovuka barabara, na pembeni yake sanamu ya wanaume wawili wenye zana za kazi. Barabara hii ilijengwa kati ya 1919 na 1932 na wanajeshi wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wakichonga magenge kwa sururu na koleo, ili iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Mimi ni mtu wa Tanga. Vita hiyohiyo ilipiganwa mjini kwetu Novemba 1914, na kumbukumbu ya watu wetu ni Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Kwa hiyo nilikaa pale muda mrefu kuliko wenzangu, na picha ya mikono ya zile sanamu ni kati ya ninazozipenda zaidi. Nilisogea karibu, nikaacha bahari nyuma iwe ukungu.

Kennett River tuliwatafuta koala juu ya mikalitusi. Siri ni kuangalia mahali tawi linapogawanyika, penye kama furushi la kijivu. Tulimpata mmoja, amelala, hakutufungulia hata jicho. Kwa koala uwe na lenzi ya kuvuta mbali, simu haitoshi. Apollo Bay tulikula samaki wa kukaanga na chipsi ufukweni, shakwe wakitusimamia kama wadai. Mimi na shemeji tuliswali kwenye nyasi. Kutoka huku kibla iko magharibi, kwa hiyo tulielekea kulekule tulikokuwa tunakwenda.

Baada ya Apollo Bay barabara inaacha bahari na kuingia msitu wa Otway. Mtandao wa simu unakatikakatika, na ramani yetu iliganda njia panda. Pakueni ramani mapema, msifanye kosa letu.

Sasa nisemee Loch Ard Gorge, maana mabasi hupaharakisha na mimi naona panastahili saa mbili nzima. Ni kijighuba kilichozungukwa na magenge marefu ya mawe ya chokaa, mlango wake wa baharini mwembamba. Nje mawimbi yanapiga kama ngoma, ndani maji yanafika mchangani yamechoka. Usiku wa kuamkia 1 Juni 1878 meli Loch Ard, ikitoka Uingereza kuja Melbourne, iligonga kisiwa kilicho hapo nje. Walikuwamo watu 54. Walipona wawili tu: Tom Pearce, kijana mwanafunzi wa ubaharia, na Eva Carmichael, binti wa Kiairishi aliyepoteza wazazi na ndugu zake usiku ule. Tom alisukumwa na maji hadi ndani ya kighuba, akasikia sauti, akarudi majini akamvuta, kisha akapanda genge kutafuta watu. Kreti moja ya mzigo nayo ilielea mpaka ufukweni, ndani yake mna tausi wa kauri mrefu kama mtoto, mzima. Leo yuko kwenye jumba la makumbusho Warrnambool.

Dada yetu wa Mombasa alisimama mchangani akiyatazama magenge, akasema, "Huyu kijana alipanda wapi hapa?" Hatukujibu. Ukiwa juu, kwenye uzio, ile ni hadithi ya kibao cha maelezo. Ukishuka ngazi ukasimama chini, shingo inakuuma kwa kutazama juu. Picha ya hapo piga na mtu ndani yake, mdogo, pembeni, ndipo ukubwa unaonekana. Nguzo mbili za karibu hapo zimepewa majina Tom na Eva. Hadi mwaka 2009 zilikuwa tao moja, likaporomoka.

Tulikula kidogo Port Campbell, tukarudi nyuma kilomita chache hadi kwa Mitume, tukaingia saa moja na nusu jioni. Hatukulipa kiingilio. Maegesho yaliyokuwa yamefurika mwaka jana yalikuwa na nafasi tele, kwa sababu mabasi yalishaondoka.

Kumi na wawili hawajawahi kutimia. Zilikuwa nguzo tisa, moja ikaanguka Julai 2005, zimebaki nane. Zamani waliita mahali hapa kwa jina la nguruwe jike na vitoto vyake. Nguzo ndefu zaidi zina kama mita 45. Aliyecheza Mapango ya Amboni utotoni ataelewa upesi: ni chokaa ileile tabia, maji yanaila. Kwanza wimbi linachimba pango, pango likitoboka linakuwa tao, paa la tao likianguka inabaki nguzo, na nguzo nayo ina siku yake. Bahari hii haina kizuizi chochote mpaka Antaktika, kwa hiyo wimbi linafika na nguvu zake zote.

Wapigapicha wote walijipanga upande wa magharibi, wakilisubiri jua. Nami nikajipanga nao. Huko nguzo zinageuka vivuli vyeusi na mbingu inakuwa ya machungwa. Picha ni nzuri, lakini ndiyo kila mtu anayo. Ndugu yetu wa Bujumbura, ambaye hana kamera na alikuwa anazurura tu, ndiye aliyeniita: "Kaka, geuka nyuma." Upande wa mashariki kuna nguzo mbili zilizosimama peke yao, zinaitwa Gog na Magog, yaani wale Yajuju na Majuju. Jua lilikuwa linazipiga moja kwa moja usoni. Lile jiwe la rangi ya mchanga lilianza kuwa kama asali, likaendelea hadi rangi ya ndizi mbivu iliyoiva sana, na kila tabaka lake likaonekana, moja juu ya jingine, kama kurasa za kitabu ukikitazama ubavuni. Ilidumu dakika kumi hivi. Nadhani tulikuwa watu watano tu tuliogeuka.

Mambo mawili ya ufundi kwa mtakaokwenda na kamera kubwa. Vibaraza vya kutazamia vinatikisika. Mguu hausikii, jicho halioni, lakini ukifungua lenzi kwa sekunde 2 ili maji yawe kama moshi, kila mtu anayepita anaacha alama kwenye picha yako. Picha zangu nane za kwanza zilikuwa na ukungu na sikujua kwa nini. Weka stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, karibu na nguzo ya kibaraza, si katikati, na subiri wapite. La pili ni chumvi. Upepo unaleta mvuke wa bahari mpaka juu ya magenge, na baada ya nusu saa kioo cha lenzi kina utando. Beba vitambaa vitatu vikavu. Kati ya picha na picha dada alifunika kamera yangu kwa kanga yake, na ilisaidia kuliko mfuko nilioununua dukani.

Stendi ndiyo iliyoniudhi. Niliikodi dola 25 kwenye duka moja la vifaa mjini, na kibanio cha mguu mmoja kilikuwa kimelegea. Mguu ulikuwa unateleza polepole, milimita kwa milimita, mpaka nilipoona mstari wa bahari umeinama kwenye picha tatu mfululizo, na jua linaishia. Dada akavua kimpira cha nywele, akakizungusha mara nne kwenye kibanio, ukashika. Nilipowarudishia walikagua, wakaomba radhi, wakanirudishia nusu ya pesa. Funga na fungua kila mguu palepale dukani, kisha uikandamize kwa mkono.

Jua lilipozama watu wakaanza kuondoka. Sisi tukabaki kwa sababu tulisoma kwamba pengwini wadogo, wenye kimo cha rula ya shule, hutoka baharini giza likiingia. Tuliwaona chini kabisa mchangani, nukta nyeusi zikitoka kwenye povu kwa kundi, zikisimama, zikikimbia, zikisimama. Nilizima kamera. Kwa umbali ule na giza lile hakuna picha, na taa inawadhuru macho. Shemeji aliwahesabu kwa sauti ya chini mpaka 19.

Kurudi ndiko sikupendi. Tulipita njia ya bara kupitia Colac, zaidi ya saa tatu, dada ameshika usukani kwa mikono miwili na sisi tukitazama kandokando kama kuna kangaruu. Tulifika Melbourne karibu saa saba usiku. Nikirudia nitalala Port Campbell, na kwa kikundi chenye dereva mmoja nasema msijaribu tulivyofanya sisi. Mmoja wenu akichoka, basi lina faida yake.

Gari la kukodi nalipatia nyota nne, moja naiondoa kwa ile dhamana ya kimyakimya. Basi la mwaka jana nalipatia mbili. Dereva wake alikuwa mwungwana na alijua mengi, ila ratiba yake inakuleta mahali pazuri kwa saa mbaya. Stendi, moja.

Shemeji amesharudi Dar na picha ya Gog na Magog ameibandika sebuleni. Sisi watatu tumeomba likizo ya Julai, maana majira hayo ya baridi nyangumi hukaribia ufukwe wa Logans Beach, Warrnambool, wakiwa na watoto wao. Safari hii tutalala hukohuko, na stendi nimenunua yangu.